Mnunuzi Anapokana Malipo: Mwongozo kwa Anayeuza Bidhaa za Kidijitali kutoka Uganda

Miaka michache iliyopita nilimuuzia mnunuzi aliyekuwa Toronto kifurushi cha violezo vya kadi za mwaliko wa kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kwa dola 38. Alilipa kwa kadi ya benki, akapakua faili zote usiku uleule, na siku ya tatu akaniandikia barua pepe kuuliza jinsi ya kubadilisha rangi ya nakshi zilizochorwa pembeni, nikamwelekeza, akashukuru. Siku sabini baadaye kampuni iliyokuwa ikinipokelea malipo ikaniarifu kwamba mwenye kadi ameukana muamala, kwamba dola 38 zimekwisha kuondolewa kwenye salio langu pamoja na ada ya dai, na kwamba nilikuwa na siku tisa za kujibu. Nilijibu kwa kurasa tatu za uchungu. Nilieleza nilivyokesha nikichora, nikataja kodi ya chumba changu karibu na Nasser Road jijini Kampala, nikamwita mnunuzi mwizi. Barua pepe yake ya shukrani, ambayo peke yake ingeweza kuniokoa, sikuiambatisha, kwa kuwa nilikwisha kuifuta wakati wa kupunguza mzigo kwenye kikasha. Nilishindwa, na kwa jibu lile nilistahili kushindwa.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeuza kutoka Uganda kitu kisichoshikika kwa mkono: violezo, midundo ya muziki, vitabu vya kielektroniki, masomo ya video, leseni za programu, picha. Bidhaa za aina hii zina udhaifu wa pekee mbele ya benki, kwa sababu hakuna boda boda aliyezipeleka mlangoni wala karatasi iliyotiwa sahihi, na muuzaji hulazimika kuthibitisha kupokelewa kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona kikipita.

Fedha hurudi kwa njia gani

Malipo ya kadi hupita kwenye mikono minne kabla ya kukufikia: benki iliyompa mnunuzi kadi, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, benki inayompokelea muuzaji, na kampuni ya malipo, ambayo ndiyo pekee unayoijua kwa sababu ndiyo iliyokupa kitufe cha kulipia. Mnunuzi asiporidhika anaweza kukupita wewe na kampuni hiyo, akaipigia simu benki yake. Nayo benki humrudishia fedha kwa muda, kisha huzidai kinyumenyume kwa njia ileile mpaka zikatwe kwenye salio lako. Hicho ndicho wauzaji wa mtandaoni hukiita chajibaki. Marejesho ya kawaida huyatoa muuzaji kwa hiari yake, ilhali chajibaki hukatwa kwanza, muuzaji akaulizwa baadaye, na ada ya dai huongezwa juu yake. Kampuni ya malipo ya Stripe, kwa mfano, huwatoza wauzaji wa Marekani dola 15 kwa kila dai; kwa anayeuza kitabu cha dola 5, ada hiyo ni mara tatu ya bei ya bidhaa yenyewe.

Jambo ambalo wauzaji wapya hawalitambui ni kwamba, katika duru ya kwanza, anayesoma utetezi wako ni afisa wa benki ya mnunuzi. Hakujui, hajui kwanjula ni nini, ana madai mengine mengi mezani, na mwajiri wake ndiye aliyempa kadi yule anayekulalamikia. Mtandao wa kadi wenyewe huingia kama mwamuzi pale tu pande mbili zinapokataa kukubaliana na shauri kufikishwa kwenye usuluhishi, ambako anayeshindwa hulipa ada ya mamia ya dola. Kwa bidhaa ya dola 38 hakuna mwenye akili timamu anayefika huko. Kwa hiyo andika kila kitu ukimfikiria afisa yule wa kwanza, aliyechoka, saa za jioni.

Muda nao una kanuni zake. Kwa sababu nyingi za madai, mwenye kadi ana siku 120 za kulalamika, na hesabu haianzi siku zote siku ya malipo: ikiwa uliuza leo kozi itakayoanza baada ya miezi mitatu, hesabu ya madai ya kutopokea huanzia siku bidhaa ilipotarajiwa kufika, na kwa upande wa Visa inaweza kusogea hadi kikomo cha siku 540 tangu muamala ulipofanyika. Visa huupa upande wa muuzaji siku 30 za kujibu na Mastercard siku 45, lakini hizo ni siku za benki. Kampuni ya malipo hujikatia sehemu yake ya kuandaa na kupeleka nyaraka, na ndiyo maana barua iliyonifikia ilisema siku tisa. Tarehe iliyo kwenye barua yako ndiyo ya kufuata. Ukiikosa kwa saa moja umeshindwa, hata kama ushahidi wako ni mlima.

Soma sababu kabla ya kukasirika

Kila dai huja na msimbo wa sababu, na msimbo huo ndio swali ulilopewa kwenye mtihani. Muuzaji akipewa swali la ulaghai akajibu kuhusu ubora wa bidhaa, hapati alama hata moja, kama nilivyokosa mimi. Kwa Visa, misimbo inayoanza na 10 ni ya ulaghai, 11 ni ya idhini ya benki, 12 ni ya makosa ya uchakataji, na 13 ni ya malalamiko ya mteja. Mastercard hutumia namba nyingine: 4837 kwa anayesema hakuidhinisha malipo, 4853 kwa malalamiko ya mteja, 4834 kwa makosa kama vile kutozwa mara mbili.

Anayeuza bidhaa za kidijitali atakutana zaidi na msimbo 10.4 wa Visa, unaomaanisha kwamba mwenye kadi anasema hakufanya ununuzi huo uliofanyika bila kadi kuwepo. Nyuma ya msimbo huo hujificha watu wa aina tatu walio tofauti kabisa. Wa kwanza ni mwizi halisi aliyetumia kadi ya mtu mwingine. Hapo mwenye kadi anasema kweli, na wewe huna hoja. Wa pili ni mtu wa nyumbani, kwa kawaida mtoto aliyeshika simu ya mzazi, na mzazi anapoona jina asilolijua kwenye taarifa ya kadi hupiga simu benki kwa nia njema kabisa. Wa tatu ni mnunuzi mwenyewe, ambaye amesahau, au amejuta, au amegundua kwamba kupiga simu benki ni rahisi kuliko kukuandikia wewe. Kwa uzoefu wangu huyu wa pili na wa tatu ndio wengi, na ndio ambao ushahidi mzuri huwashinda.

Msimbo 13.1 ni wa bidhaa isiyopokelewa, na 13.3 ni wa bidhaa isiyolingana na maelezo au yenye kasoro. Msimbo 13.2 huwapata wanaouza usajili wa kila mwezi, pale mteja anaposema alijiondoa lakini akaendelea kukatwa. Dawa yake ni kuweka kitufe cha kujiondoa mahali panapoonekana na kutuma barua pepe kabla ya kila makato. Msimbo 12.6 ni wa kulipishwa mara mbili au kulipa kwa njia nyingine, na hapa kwetu huwa na chanzo kinachoeleweka: mtandao unakatika katikati ya malipo, mteja anabonyeza tena, kisha anakata tamaa na kulipa kwa pesa za simu. Ukikuta kwamba ni kweli, likubali dai siku hiyohiyo uendelee na shughuli zako.

Kazi yote hufanyika siku ya kuuza

Anza na jina linaloonekana kwenye taarifa ya kadi ya mnunuzi. Kampuni ya malipo hukuruhusu kuliweka, na wauzaji wengi huacha jina la kisheria la biashara walilosajili, ambalo mnunuzi hajawahi kulisikia. Ikiwa duka lako linaitwa Kadi Bora na taarifa ya kadi inasema kifupi cha herufi nane kisichosomeka, mzazi niliyemtaja hapo juu ana haki ya kushtuka. Weka jina la duka, na pale nafasi inaporuhusu ongeza anwani ya tovuti. Kisha, katika barua pepe ya risiti, andika sentensi moja: «Kwenye taarifa ya kadi yako malipo haya yataonekana kwa jina hili», ulitaje neno kwa neno. Sentensi hiyo moja imenipunguzia madai kuliko hatua nyingine yoyote niliyowahi kuichukua.

Ukurasa wa bidhaa ndio shahidi wako wa pili. Eleza faili ni za aina gani, zina ukubwa gani, zinafunguka kwa programu ipi, na zaidi ya yote eleza kile ambacho mnunuzi hatakipata. Nilikuwa na wateja waliodhani kwamba wakinunua kiolezo watatumiwa kadi zilizochapishwa. Tangu nilipoandika kwa herufi nene kwamba hakuna kitu kinachochapishwa wala kusafirishwa, malalamiko ya aina ile yamekwisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe, aeleze bidhaa na bei yake, na ampe mnunuzi nafasi ya kupitia agizo lake na kulisahihisha kabla ya kulithibitisha. Sheria hiyohiyo inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, jambo linalofaa kukumbukwa na anayedhani kwamba pasipo karatasi hakuna kesi. Kila unapobadilisha maelezo ya ukurasa, hifadhi nakala ya ukurasa wa zamani pamoja na tarehe, kwa maana dai litakalokuja mwezi wa nne litahusu maneno yaliyokuwepo mwezi wa kwanza.

Masharti ya marejesho yawekwe kabla ya kitufe cha kulipia, pamoja na kisanduku ambacho mnunuzi mwenyewe anakitia tiki. Masharti yaliyofichwa chini kabisa ya tovuti hayahesabiki machoni pa benki. Na kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki na tovuti yenyewe hakithibitishi chochote.

Sasa nije kwenye kumbukumbu, ambazo ndizo moyo wa shughuli hii. Kwa bidhaa zinazopakuliwa, kanuni za Visa hutaja aina za ushahidi zinazokubalika, na muuzaji hutakiwa kuleta mbili au zaidi: anwani ya IP ya mnunuzi (namba inayokitambulisha kifaa au mtandao wake kwenye intaneti) na mahali kilipokuwa kifaa chake wakati wa kununua, utambulisho wa kifaa, jina na barua pepe zilizofungamana na akaunti yake, ushahidi kwamba aliingia kwenye akaunti wakati wa muamala au baada yake, pamoja na maelezo ya bidhaa na saa ilipopakuliwa. Ukiuza kwa kutuma kiungo kwa WhatsApp au kwa kuambatisha faili kwenye barua pepe, hutakuwa na karibu lolote kati ya hayo. Uza kupitia mfumo unaomtaka mnunuzi afungue akaunti na unaoandika kila upakuaji: faili ipi, saa ngapi, kutoka anwani ipi, kwa akaunti ipi. Kumbukumbu za seva nyingi hujifuta baada ya wiki chache, hali dai linaweza kuja baada ya miezi minne. Kwa hiyo zitoe na kuzihifadhi mahali pengine. Mimi hufanya hivyo kila mwisho wa mwezi na kuzitunza kwa miezi kumi na minane.

Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24, zikifuatwa na majira yake, kwa mfano UTC, yaani majira ya kimataifa. Tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunajua kwamba saa mbili usiku ni 20:00, lakini afisa wa Toronto akiona saa mbili atadhani ni usiku wa manane, na akilinganisha na kumbukumbu za kadi atakuta pengo la saa nyingi na kuhitimisha kwamba ushahidi ni wa kubuni. Nimeona utetezi mzuri wa rafiki yangu ukifa kwa kosa hilo.

Kuhusu anwani za IP, muuzaji wa hapa anapaswa kuwa na tahadhari ambayo miongozo ya nje haiitaji. Simu nyingi zilizo kwenye mtandao mmoja hushirikiana anwani moja, na tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018, na zaidi baada ya Facebook kufungwa Januari 2021, watu wengi nchini wamezoea kutumia VPN, yaani programu inayoficha mahali mtu alipo mtandaoni. Mnunuzi aliyeketi Wandegeya, Kampala, anaweza kuonekana yuko Uholanzi, na si mwizi. Kwa hiyo anwani isiyolingana na nchi ya kadi isiwe sababu ya pekee ya kumkataa mteja, wala anwani inayolingana isiwe ushahidi wako wa pekee. Ishara zenye uzito zaidi ni mwenendo: manunuzi madogo madogo mengi ndani ya dakika chache, kadi tofauti kwenye akaunti moja, majina ya barua pepe yasiyotamkika. Wezi hupenda kujaribia kadi za wizi kwenye bidhaa ndogo za kidijitali kwa sababu hufika papo hapo. Ukiona mtu amenunua kiolezo kilekile mara sita kwa kadi sita, rejesha fedha zote mwenyewe usiku huohuo kabla wenye kadi hawajaamka.

Ulinzi mmoja unastahili kuwashwa hata kama unawaudhi wateja: uthibitisho wa 3-D Secure, ile hatua ambayo benki ya mnunuzi humtumia namba ya matumizi ya mara moja au humtaka athibitishe kwenye programu yake. Muamala uliopita hapo kikamilifu, mzigo wa dai la ulaghai kwa kawaida huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Hautakulinda dhidi ya anayesema bidhaa haikufika au ilikuwa mbovu, na wateja kadhaa wataacha manunuzi njiani kwa sababu ujumbe wa benki umechelewa. Hata hivyo kwa bidhaa ya bei kubwa sioni hoja ya kuuacha.

Dai limefika: kupigana au kukubali

Kabla ya kuandika neno lolote, fanya hesabu. Ikiwa bidhaa ni ya shilingi 20,000 na mnunuzi hakupakua kitu, kubali. Ikiwa ni dhahiri kwamba kadi iliibwa, kubali. Pigana pale ulipo na kumbukumbu zinazojibu msimbo uliotajwa, na pale ambapo kunyamaza kutamfundisha mnunuzi huyo kurudia.

Lipo kosa moja la gharama kubwa ambalo hutokana na moyo mwema. Dai likishafunguliwa, fedha zimekwisha kukatwa kwako; ukimrejeshea mnunuzi tena kwa kitufe cha kawaida cha marejesho, au kwa pesa za simu kwa kuwa amekuomba radhi, unaweza kujikuta umelipa mara mbili. Akikuandikia kwamba amekosea, mjibu kwa upole, umwombe aijulishe benki yake kwamba analiondoa dai na akutumie uthibitisho wa benki kwa maandishi, kisha uuambatishe uthibitisho huo kwenye utetezi wako. Utetezi wenyewe uupeleke bila kujali ameahidi nini, maana ahadi yake haisimamishi saa.

Utetezi mzuri hauzidi ukurasa mmoja wa maelezo, ukifuatwa na viambatisho vilivyopewa namba. Kwa kadi za nje utauandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio wake ni kama huu ninaouweka hapa kwa Kiswahili, kwa mfano wa dai la msimbo 10.4:

«Mwenye kadi anasema hakuidhinisha malipo ya dola 38 ya tarehe 3 Machi. Malipo yalifanywa kupitia akaunti iliyofunguliwa kwa jina linalolingana na jina lililo kwenye kadi (kiambatisho 1). Faili nne zilipakuliwa kutoka akaunti hiyo tarehe 3 Machi kati ya 17:22 na 17:31 UTC, kutoka anwani ya IP ileile iliyotumika kulipia (kiambatisho 2). Tarehe 6 Machi mwenye akaunti alituandikia kutoka barua pepe ileile akiuliza jinsi ya kuhariri faili alizonunua, akajibiwa na kushukuru (kiambatisho 3). Bidhaa ilielezwa kwenye ukurasa wa mauzo kama unavyoonekana kwenye kiambatisho 4, na masharti yalikubaliwa kwa tiki tarehe 3 Machi saa 17:19 UTC (kiambatisho 5).»

Hakuna kilio humo, hakuna tusi, hakuna historia ya duka. Kila sentensi inaelekeza kwenye kipande cha ushahidi, na picha za skrini zikatwe zibaki na kile tu kinachotajwa, zikiwa na mstari mwekundu mahali pa kutazamwa. Faili za seva zisipelekwe kama zilivyo. Afisa hatasoma mistari 4,000 ya namba. Toa mistari minne inayohusika, uiweke kwenye jedwali, na chini yake ueleze kwa maneno kila safu inamaanisha nini.

Kwa mteja wa zamani ipo njia yenye nguvu zaidi. Tangu Aprili 2023 Visa inazo kanuni za ushahidi wa kushawishi, toleo la 3.0, zinazohusu msimbo 10.4 peke yake. Ukionyesha miamala miwili ya nyuma ya kadi ileile kwako, ambayo haikulalamikiwa kwa ulaghai na iliyofanyika kati ya siku 120 na 365 kabla ya dai, na ukionyesha kwamba angalau mambo mawili yanalingana katika miamala yote mitatu, moja likiwa anwani ya IP au utambulisho wa kifaa na jingine kama akaunti ya mteja, jukumu hurudi kwa benki iliyotoa kadi. Hii ni sababu nyingine ya kuwataka wateja wafungue akaunti. Anayenunua kwako mara tatu kwa mwaka kama mgeni asiye na jina hawezi kukusaidia katika hesabu hii.

Kwa msimbo 13.3 mambo ni tofauti, kwa kuwa hakuna anayebisha kwamba bidhaa ilifika. Huko unalinganisha maelezo ya ukurasa na faili iliyopelekwa, na unaonyesha kama mteja aliwahi kukuandikia kabla ya kwenda benki. Iwapo alikuandikia ukanyamaza kwa siku kumi, ushauri wangu ni kukubali.

Pesa za simu zina desturi zake

Wateja wengi wa ndani watakulipa kwa MTN Mobile Money au Airtel Money, na huko chajibaki ya kadi haipo. Mlipaji amethibitisha kwa namba yake ya siri, na fedha zimehama papo hapo. Kilichopo ni ombi la kurudisha muamala: mtumaji huwasiliana na huduma kwa wateja akidai alituma kwa makosa, na kampuni ya simu, ikikuta fedha bado zipo kwenye laini iliyopokea, inaweza kuzizuia wakati suala linachunguzwa. Wanaopokelea malipo kwenye laini zao binafsi huumia zaidi hapa, kwa kuwa hawana namba ya agizo inayofungamana na muamala. Kwa maelezo yaliyopo, shilingi 60,000 za kiolezo hazina tofauti na shilingi 60,000 zilizotumwa kwa shangazi. Pokea kwa akaunti ya biashara, na mtake mteja aandike namba ya agizo kama sababu ya malipo.

Hila mbili ni za kuangaliwa. Ya kwanza ni ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa mtandao wa simu, ukisema umepokea fedha. Usimfungulie mnunuzi kiungo cha kupakua kwa kuutegemea ujumbe tu; tazama salio lenyewe, au tumia mfumo ambao seva yako hupokea uthibitisho moja kwa moja kutoka kampuni ya malipo. Ya pili ni mtu anayelipa kweli, anayepakua, kisha anayekupigia akilia kwamba alikosea namba na kukuomba umrudishie haraka kwenye laini nyingine. Ukifanya hivyo, atafungua pia ombi la kurudisha muamala wa awali. Mwelekeze kwa huduma kwa wateja wa mtandao wake, na marejesho yoyote unayoyatoa yaende kwenye namba ileile iliyolipa.

Uchaguzi wa anayekupokelea fedha ni sehemu ya ulinzi huu. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020, watoa huduma za malipo wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Uganda, na kabla ya kuunganisha duka lako na kampuni yoyote unapaswa kuuliza maswali matatu: ada ya dai ni kiasi gani, inarudishwa ukishinda au hapana, na kampuni inaweza kushikilia salio lako kwa muda gani madai yakiongezeka. Jibu la swali la tatu ndilo lililonifanya nihame mara moja.

Wapo pia wanaouza kupitia majukwaa kama Paddle, ambayo kisheria huwa ndiyo muuzaji mbele ya mnunuzi. Huko jukwaa ndilo linalojibu benki, na wewe unaombwa nyaraka tu. Ni nafuu kwa asiyependa karatasi, lakini ada ni kubwa zaidi, na jukwaa likiona madai yako yanaharibu jina lake hukufungia bila majadiliano marefu. Lina sababu ya kuogopa: kwa kanuni za Mastercard, muuzaji anayefikisha chajibaki 100 kwa mwezi na uwiano wa asilimia 1.5 huingizwa kwenye mpango wa uangalizi wenye faini, na anayefungiwa kwa sababu kama hizo anaweza kuandikwa kwenye orodha iitwayo MATCH, ambamo jina hukaa miaka mitano na kampuni nyingine za malipo huliona. Duka dogo halitafikia 100 kwa urahisi, ila kampuni za malipo huanza kukutazama kwa jicho baya mapema zaidi ya hapo.

Baada ya uamuzi

Majibu huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi miwili au zaidi, na katika muda huo usizihesabu fedha hizo kuwa zako. Ukishinda, salio hurudi, na ada inategemea mkataba wako. Ukishindwa, soma sababu iliyotolewa na uiandike kwenye daftari la madai pamoja na msimbo, bidhaa, njia ya malipo na kiambatisho ulichokikosa. Daftari langu lina mistari thelathini na moja, na kumi na minne inasema jambo lilelile: maelezo ya kifurushi kimoja cha nembo yalikuwa na picha ya kitu ambacho hakikuwemo ndani ya faili. Nilibadilisha picha.

Funga leseni ya aliyekana malipo ikiwa masharti yako yanasema hivyo, na uizuie akaunti yake isinunue tena kwa kadi. Vipo vikundi vya WhatsApp ambamo wauzaji hubandika majina, namba za simu na picha za wateja waliowasumbua ili wengine wajihadhari. Nimealikwa kwenye vikundi viwili vya namna hiyo na nimetoka vyote viwili, kwa kuwa mteja alikupa taarifa zile ili akamilishe ununuzi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 haikuruhusu kuzisambaza kwa sababu tu amekushinda benki. Taarifa hizo zikae kwenye faili ya dai, na siku muda uliojiwekea wa kuzitunza ukiisha, uzifute.